Lamu, Mji wa Elimu

Tulisafiri kutoka Tanga kwenda Lamu. Wageni wengi huzuru mji huo kwa ajili ya majumba ya mawe na milango ya nakshi. Sisi tulikusudia msikiti wa Riyadha. Hapo Habib Swaleh, mzaliwa wa Ngazija, aliwasomesha hata mafukara na wana wa watumwa, zama ambazo elimu ya juu ya dini aghalabu ilikuwa hazina ya wenye nasaba. Oxford, mji wa vyuo vikongwe vya Uingereza, uliwanyima wanawake shahada hadi 1920. Basi mji wa elimu hausifiwi kwa kuta zake, bali kwa wale unaowafungulia mlango. Nasi tutazame vyuo vyetu: ni mwana wa nani, ni binti wa nani, angali nje?