Mlima wa Baba, Msitu wa Mama

Baba yangu ni mtu wa Masisi na mama yangu ni mtu wa Walikale. Kwenye ramani ya Kivu Kaskazini sehemu hizo mbili zinapakana, lakini ukiwasikiliza wazazi wangu utadhani walizaliwa katika mabara tofauti. Masisi ya baba ni milima iliyofunikwa na majani mafupi, ng'ombe, maharage, viazi na baridi ya asubuhi. Walikale ya mama ni msitu: miti mirefu, mvua, mito ya Lowa na Oso, ndizi na mawese. Walikale peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, na Masisi haifiki 5,000. Kwa hiyo mama husema kwamba aliolewa kutoka nchi kubwa akapelekwa nchi ndogo.

Walikutana kwa sababu ya biashara. Mwaka 2002 watu walianza kuchimba mawe ya bati huko Bisie, ndani kabisa ya msitu wa Walikale. Vijana waliyabeba kwa magunia ya kilo 50 mgongoni, mwendo wa siku mbili hadi barabarani, na ndege ndogo zilitua juu ya barabara yenyewe pale Kilambo, zikapakia na kuruka kwenda Goma. Penye machimbo chakula huwa ghali. Baba aliteremka na maharage na jibini ya Masisi, ile ya mviringo inayouzwa mpaka Kinshasa, akauza mjini Mubi, akarudi mlimani na mke. Mama husimulia kwamba alipofika aliuliza swali moja tu: miti yote mmeipeleka wapi?

Baba alizungumza Kihunde na mama Kinyanga. Nyumbani walikutana katikati, katika Kiswahili. Nasoma Kiswahili chuoni, na mara nyingi nasikia darasani kwamba Kiswahili cha Kongo ni cha sokoni tu, lugha ya watu waliokutana njiani. Ni kweli walikutana njiani. Lakini mimi nilizaliwa katika njia hiyo, na lugha niliyonyonya ni hiyo. Ukiniuliza lugha ya mama yangu ni ipi, na ya baba yangu ni ipi, jibu langu ni moja.

Tulihamia Nairobi mwishoni mwa mwaka 2012, baada ya vita kuingia Goma mwezi Novemba. Nilikuwa na miaka minane. Baba ni fundi cherehani Kayole. Mama anatembeza vitenge mtaa kwa mtaa. Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa hapa mwaka 2014. Anaongea Sheng na wenzake, Kiingereza na walimu, na Kiswahili na sisi. Masisi anaijua kwa simu: ni mahali ambapo watu hupiga simu usiku wakiomba pesa.

Kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kuwa na siku ya matembezi. Kwetu kuna neno "konje" kwa likizo ya mfanyakazi na "vakansi" kwa likizo ya mwanafunzi. Fundi wa kushona hana konje, na mwenye kutembeza vitenge akipumzika siku moja ametumia mtaji wake. Ndiyo maana baba aliposema, Agosti 2025, kwamba kesho hatafungua cherehani na kwamba sote tungekwenda mlimani, mama alimtazama kama mtu anayeangalia mgonjwa.

Sababu tuliijua baadaye kidogo. Wiki hiyo baba mdogo alikuwa amepiga simu. Januari mwaka huo waasi wa M23 walikuwa wameichukua Masisi-kati, kisha Goma. Mwezi Machi vita vikafika hata Walikale-kati. Baba mdogo alikuwa akiishi katika kambi ya wakimbizi pembeni mwa Goma. Kambi zilipovunjwa mwezi Februari, alirudi kijijini na watoto sita na turubai moja. Shamba la babu lilikuwa bado lipo, kilima kizima, na mnunuzi alikuwa amejitokeza. Bei ilikuwa ya kutupa, lakini pesa zilikuwa tayari. Kwa kuwa baba ni mkubwa, neno la mwisho lilikuwa lake. Baba mdogo alimpa siku tatu.

Tulitoka alfajiri. Kutoka mjini tulipanda matatu ya namba 111 hadi Ngong, tukalipa kiingilio langoni na kuanza kupanda. Kilele cha juu cha Milima ya Ngong kina mita 2,460, na njia inapanda na kushuka kutoka kilele hadi kilele, majani matupu, upepo mtupu. Mama alijifunga kitenge cha pili mabegani. Baba alitembea mbele yetu kama kijana. Hajawahi kutembea hivyo Kayole. Juu ya kilele cha pili akasimama na kugeuka pande zote.

"Njo Masisi kabisa," akasema. "Chukudu tu njo inakosa."

Ilibidi nimweleze mdogo wangu chukudu ni nini: baiskeli ya mbao isiyo na pedali, inayobeba magunia ya viazi na makaa kutoka milimani hadi Sake na Goma, mwenyewe huipanda kwenye mteremko na kuisukuma kwenye mwinuko. Akauliza breki iko wapi. Baba akainua mguu, akaonyesha ndara.

Kufanana kwa milima hiyo hakukuwa kwa bahati tu. Bonde la Ufa lina mikono miwili. Ngong imesimama juu ya ukingo wa mkono wa mashariki, na milima ya Masisi imesimama juu ya ukingo wa mkono wa magharibi, ule wenye Ziwa Kivu na volkano. Mtu wa Masisi akisimama Ngong na kutazama magharibi, anaona ardhi ikianguka ghafla chini yake vilevile kama alivyozoea, ila upande ni mwingine.

Kuna vinu vya upepo kule juu, vyeupe, vikubwa kuliko mnara wa kanisa. Nikawaeleza kwamba vile vya kwanza viliwekwa mwaka 1993 kwa msaada wa serikali ya Ubelgiji. Baba akacheka. "Wabeleji! Sisi walituachia jibini, hawa wakawapa upepo." Kisha akanyamaza. Akasema 1993 ndio mwaka ambao vita vilianzia soko la Ntoto, kule Walikale kwa akina mama, mwezi Machi, na kabla mwezi haujaisha moto ulikuwa umefika Masisi. Watu waliokuwa wakiuziana maziwa walianza kuchomeana nyumba. Yeye alikuwa kijana, na usiku mmoja alimbeba nyanya yake mgongoni kuvuka kilima hichohicho ambacho sasa kinauzwa.

Hapo ndipo alipotuambia kuhusu simu. Tuliketi majanini, tukila maandazi, na akamuuliza kila mmoja maoni yake, kuanzia mdogo. Mdogo wangu akasema tuuze, tununue nyumba yenye choo ndani. Dada akasema tuuze, kwa sababu ardhi usiyoweza kuikanyaga si ardhi. Mimi nikasema tusiuze, lakini sikuwa na hoja ya kuweka mezani; nilikuwa na picha moja tu kichwani, ya zizi na ukungu. Mama hakujibu. Alisema kwamba upepo unampiga masikio, na kwamba kama siku ni ya matembezi, basi na yeye apelekwe mahali penye miti.

Mchana tulirudi mjini na kwenda City Park, Barabara ya Limuru. Ni karibu hekta 60, na sehemu kubwa yake ni msitu wa asili uliobaki katikati ya nyumba na barabara. Hapo langoni tulipata mkanganyiko wa neno. Kwa mtu wa Walikale "parki" si mahali pa kutembelea. Parki ni Maiko, au Kahuzi-Biega, ambayo mwaka 1975 ilipanuliwa kuteremka hadi kwenye misitu ya nyanda za chini, ikafika Walikale. Ni mahali penye sokwe na askari, ambapo babu yako alitega mitego na wewe ukiingia unakamatwa. Mama alisimama nje akiuliza mlinzi yuko wapi na tutasema nini akitukuta. Nikamwambia hii ni bustani ya mji, watu huja kupumzika. Akauliza: "Bure?" Bure. Akavua viatu.

Sijawahi kumwona mama hivyo. Alitaja miti kwa Kinyanga, akigusa maganda, akisema huu si wenyewe lakini ni ndugu yake. Kima wa pale wamezoea watu. Walishuka wakaja hadi miguuni, na mdogo wangu akaanza kuwapa karanga. Mama akatazama kwa mshangao. "Kwetu," akasema, "mutu njo anakulaka kima, haiko kima njo anakulaka bintu ya mutu." Wapita njia waligeuka kuona familia inayocheka namna ile.

Chini ya miti hiyo akatusimulia habari za Mwindo. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanaujua utendi wa Mwindo kama kitabu: Shekarisi Rureke, msimulizi wa Kinyanga, aliusimulia, akauimba na kuucheza kwa siku 12 mwaka 1956, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene wakauchapisha mwaka 1969. Mama hajui kwamba kuna kitabu. Anajua kwamba kulikuwa na chifu aitwaye Shemwindo, katika kijiji cha Tubondo, aliyewakataza wake zake kuzaa mtoto wa kiume. Na kwamba Mwindo alizaliwa hata hivyo, akitembea na kusema. Baba yake alimfungia ndani ya ngoma akamtupa mtoni. Ngoma haikuzama. Ilipanda mto kumtafuta shangazi yake, Iyangura, na mwisho wa yote mtoto alirudi Tubondo. Mdogo wangu aliuliza kwa nini alirudi kwa baba aliyetaka kumuua. Mama akajibu kwamba hakurudi kwa baba tu. Alirudi kwao.

Tukaendelea hadi kwenye makaburi. Katika City Park amezikwa Pio Gama Pinto, aliyeuawa kwa risasi Nairobi mwezi Februari 1965, na karibu naye Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya mwaka 1966 na kufariki mwaka 1990. Murumbi mwenyewe ndiye aliyetaka azikwe karibu na rafiki yake. Pembeni pana bustani yenye sanamu za ukumbusho. Nilimsomea baba maandishi. Alikaa muda mrefu akitazama jiwe, kofia mkononi.

"Huyu alichagua jirani wa kuzikwa naye," akasema. "Na baba yangu je? Nikiuza kile kilima, nani atakuwa jirani yake?"

Sote tulijua kwamba makaburi ya babu na nyanya yako pale, chini ya migomba, juu ya nyumba iliyochomwa. Lakini hakuna aliyeyataja kule mlimani, hata mimi niliyetafuta hoja. Mama ndiye aliyesema sasa. Alisema yeye si mtu wa kilima kile na baridi yake aliichukia tangu siku ya kwanza. Lakini shemeji yake hauzi ardhi, anauza njaa. "Umulipe njaa yake," akasema, "na kilima kitabakia."

Jioni, kwenye matatu ya kurudi Kayole, baba alipiga simu. Hawatauza. Maharage yote yatakayovunwa ni ya baba mdogo na watoto wake, na kila mwezi Nairobi itatuma kitu. Hesabu tuliifanya papo hapo, kila mmoja akitoa chake. Mama atazunguka na vitenge Jumapili pia. Dada ataahirisha kozi ya kompyuta hadi mwaka ujao. Mimi nilianza kufundisha watoto wawili wa jirani Insha na Lugha, jioni nne kwa wiki. Nyumba yenye choo ndani itangoja, na mdogo wangu hajatusamehe bado.

Tumetuma kila mwezi tangu wakati huo. Baba mdogo alipanda maharage msimu wa Septemba. Anasema yalitoka vizuri, na kwamba usiku anasikia milio ya bunduki upande wa mlima mwingine, si wetu. Nani atavuna msimu ujao, hasemi, nasi hatumuulizi. Mwezi uliopita alituma picha kwa simu: mistari ya kijani inayopanda kilima na, juu kabisa, migomba mitatu. Mdogo wangu aliikuza picha kwa vidole, akaitazama, akauliza kama kule juu kuna upepo kama wa Ngong. Baba akamwambia uko, tena ni baridi zaidi.