Bomba likipoteza nguvu, chunguza kabla mtoto hajaugua

Sisi watu wa Kigoma tumekaa kando ya ziwa lenye kina cha mita zaidi ya 1,400, lakini nyumba nyingi zinajua kero ya bomba linalotoa maji kama uzi. Maji yakipungua nguvu, lawama ya kwanza ni mgao. Ya pili ni bili. Mimi huandika habari za afya, na kwangu swali la kwanza ni jingine: kama maji yanapotea njiani, ni nini kinachoingia mahali yanapotokea?

Bomba lenye presha husukuma maji kwenda nje. Likiwa na ufa mdogo maji huvuja, unapata hasara lakini uchafu hauingii kwa urahisi. Mgao ukikata, presha hushuka, bomba linabaki tupu na linaweza kuvuta kilicho nje yake. Kama ufa huo uko karibu na shimo la maji machafu ya bafuni, mnakinywa maji yakirudi asubuhi.

Nyumbani kwetu Ujiji maji yalianza kupungua nguvu taratibu. Mwezi huohuo mtoto wa dada yangu, mwenye mwaka mmoja na nusu, aliharisha mara tatu. Mara ya tatu macho yalikuwa yamezama na alilia bila machozi, dalili kwamba mwili umepungukiwa maji. Tulimkimbiza kituo cha afya, akapewa ORS na vidonge vya zinki, akapona. Mama akasema ni meno. Meno hayaharishi mtoto, ila mtoto anayeota meno hutia kila kitu mdomoni, na maji ni mojawapo.

Tulianza kuchunguza kwa mtindo wa daktari, swali moja baada ya jingine. Hatua hizi yeyote anaweza kuzifuata kabla ya kumlipa fundi.

Kwanza, uliza jirani. Kama kwake nako maji ni dhaifu, tatizo liko mtaani, toeni taarifa kwa mamlaka ya maji. Mji wetu ni wa vilima, na nyumba za juu hupata presha ndogo kuliko za bondeni. Kama kwa jirani maji yana nguvu, tatizo ni lako.

Pili, angalia kama ni koki moja au zote. Koki moja ikiwa dhaifu, mara nyingi imeziba kwa mchanga au kutu. Ifungue, isafishe. Zote zikiwa dhaifu, hakikisha valvu iliyo karibu na mita imefunguliwa yote, kisha endelea na hatua ya tatu.

Tatu, soma mita. Katika nchi za baridi kama Uingereza, nyumba nyingi hupashwa joto na mtambo unaozungusha maji ya moto ndani ya mabomba, na mtambo huo una saa ya presha. Mshale ukishuka chini ya bar 1 na kuendelea kushuka kila unapoongezwa maji, mwenye nyumba anajua yanavuja mahali. Sisi hatuna saa hiyo, lakini tuna mita. Usiku maji yakiwa yanatoka, funga koki zote na valvu ya kuingizia maji kwenye tanki. Andika namba za mita, au zipige picha kwa simu. Subiri nusu saa bila mtu kutumia maji. Namba zikisogea, kuna maji yanayopotea.

Yetu ilisogea. Uvujaji wa lita 1 kila dakika 5 unaonekana mdogo, lakini kwa siku ni lita 288, na kwa mwezi zaidi ya lita 8,600. Hizo ni uniti 8 na ushee ambazo hakuna aliyezioga.

Nne, gawanya njia. Funga valvu ya bomba linaloingia ndani ya nyumba. Mita ikisimama, uvujaji uko ndani. Ikiendelea kuzunguka, uko uani, kati ya mita na ukuta. Kwa choo cha kuvuta, mimina chai ya rangi iliyokolea kwenye kisanduku cha maji na usivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye sinki la choo, kisanduku kinavujisha.

Wenye tanki wakumbuke jambo moja. Tanki hutoa presha kulingana na kimo chake, na kila mita 10 za kimo ni takriban bar 1. Tanki lililo mita 3 juu ya bomba la mvua litakupa bar 0.3 tu, hata mabomba yakiwa mazima.

Kwetu mita iliendelea kuzunguka, kwa hiyo tulitafuta uani. Nyuma ya bafu palikuwa na udongo uliolowa wakati wa kiangazi, na majani mabichi kuliko kwingine. Fundi alichimba futi moja na nusu akakuta kiungio kimepasuka, hatua mbili tu kutoka shimo la maji machafu. Akamwambia mama, "Mama, hapa bomba linatoa na kupokea."

Sitasema kwamba kiungio hicho ndicho kilichomwuguza mtoto, maana hakuna aliyeyapima maji yale. Ninachojua ni kwamba njia ya uchafu kuingia ilikuwepo, na sasa haipo. Fundi alihamisha bomba mbali na shimo. Tuliacha maji yatiririke hadi yakawa meupe, tukaosha tanki kwa klorini, na ya kunywa tunayachemsha hadi yatokote vizuri kwa dakika moja.

Mkoa wetu unajua gharama ya maji machafu. Mei 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa, na kipindupindu kikaugusa mkoa. Zaidi ya watu 3,000 waliugua katika wiki chache. Ziwa lilikuwa mbele yao. Kilichokosekana ni maji safi na vyoo.

Kuna tabia moja ya kuacha. Maji yakiwa dhaifu, wapo wanaofunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ili wavute. Pampu hiyo inapunguza presha kwa majirani na kuvuta tope kupitia kila ufa wa njiani. Pampu ivute kutoka kwenye tanki lako.

Andika namba za mita mara moja kwa mwezi, usiku watoto wakishalala, na uzisome tena alfajiri kabla ya mtu kuamka. Zikilingana, sawa. Zisipolingana, chemsha maji ya kunywa ya watoto kuanzia siku hiyohiyo, ndipo umwite fundi.