Nuni, Herufi Inayojificha

Ndugu msomaji, mtu akitaka kumdharau mwenziwe kwa ujinga husema, "Huyu hajui alifu wala be." Husema hivyo kwa kudhani kwamba herufi ni jambo dogo, la watoto wa chuoni, ambalo mtu mzima amekwisha kulivuka. Mimi naona sivyo. Herufi moja ikiandamwa vizuri humchukua mtu mbali sana, na tena humrudisha barazani kwake mwenyewe. Na huweza hata kumpa mtu haki yake au kumnyima. Leo natuiandame nuni.

Nimeichagua hii kwa sababu iko nami mlangoni. Nakaa Njoro, hapa Moshi mjini, chini ya Mlima Kilimanjaro, na nuni ndiyo inayofungua jina la mtaa wetu. Nikienda Ng'ambo naikuta mwanzo wa jina. Nikienda Bondeni, Korongoni au Miembeni naikuta imehamia mwisho, na huko mwisho ina kazi yake: bonde ni bonde tu, lakini ukilitia "ni" limekuwa mahali pa kukaa watu. Katika mazungumzo yetu nako haikosekani. Nikisema "nimekuja", nuni hiyo ni mimi. Nikisema "njooni", nuni ya mwisho ni nyinyi. Nikisema "mimi na wewe", nuni imesimama kati yetu ikatuunganisha. Na nikisema "huyu ni ndugu yangu", nuni ndiyo iliyotoa ushahidi.

Asili yake ni ya kale mno. Mwaka 1905, katika nchi ya Sina, mahali panapoitwa Serabit el-Khadim palipokuwa na machimbo ya feruzi, Mwingereza mmoja jina lake Flinders Petrie alikuta maandishi yaliyochongwa mawenimawe na watu wa zamani. Wataalamu waliyachungua wakaona kwamba watu wale walikuwa wakichora kitu ili kiwe alama ya sauti inayoanza jina la kitu hicho. Sauti ya nuni waliiandikia picha ya nyoka anayejipindapinda. Kutoka huko alama ikaenda kwa Wafiniki wa pwani ya Shamu, waliokuwa na herufi 22, nao wakaiita nuni. Wafiniki walikuwa mabaharia na wafanyabiashara, kwa hiyo herufi zao zilisafiri na shehena zao. Wayunani wakazichukua, kisha Warumi. Na kwa njia nyingine zikafika kwa Waarabu.

Basi, msomaji, hii N ya Kizungu tunayoiandika leo na ile nuni ya chuoni ni ndugu wa tumbo moja. Ukitaka ushahidi, tazama: mtoto wa shule husoma K, L, M, N, na mtoto wa chuoni husoma kafu, lamu, mimu, nuni. Mpango ni ule ule. Tena katika hesabu ya abjadi nuni ni 50, na kwa Wayunani pia herufi hiyo ilikuwa 50.

Katika lugha za kale za upande huo nuni maana yake ni samaki, na Waarabu nao humwita hivyo samaki mkubwa. Ndiyo maana Qur'ani Tukufu katika Suratul Anbiyaa inamtaja Nabii Yunus (A.S.) kwa jina la Dhun-Nuni, yaani mwenye samaki. Na iko sura ya 68, Suratul Qalam, inayofunguka kwa nuni peke yake, kisha kikatajwa kiapo cha kalamu. Katika sura zote 29 zinazoanza kwa herufi za namna hii, ni tatu tu zenye herufi moja: Saad, Qaaf na hii Nuni. Wafasiri wamesema mengi. Wengine wamesema ni samaki, wengine wamesema ni kidau cha wino kwa kuwa kalamu imefuatia, na wengi wamesema Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye alichokusudia. Hili la mwisho lina adabu kubwa, kwani linatufundisha kwamba herufi inaweza kuwa na maana hata ikiwa sisi hatukupewa.

Zamani nuni haikuwa na nukta. Be, te, the, nuni na ye zikiwa mwanzoni au katikati ya neno zilifanana kabisa, na msomaji alizitenga kwa kulijua neno. Uislamu ulipoenea kwa watu wasiokuwa Waarabu ilihofiwa kwamba Kitabu kitasomwa vibaya, ndipo nukta zikatiwa. Na kazi hiyo wapokezi wa elimu huitaja kuwa ya zama za Al-Hajjaj, aliyekufa mwaka 95 wa Hijra, yaani 714. Nukta moja tu juu ya kibakuli, na kwa hiyo nukta wakaokolewa wasomaji wa karne zote.

Lakini hata baada ya kupata nukta, nuni haikuacha tabia yake ya kujificha. Aliyesoma tajwidi anajua kwamba nuni yenye sukuni ina hukumu nne, kufuatana na jirani yake. Ikikutana na herufi za kooni, ambazo ni sita, husimama ikadhihirika. Hiyo ndiyo idh-hari. Ikikutana na herufi nyingine sita huingia ndani ya mwenziwe. Hiyo ni idghamu. Ikikutana na be hugeuka ikawa mimu. Hiyo ni iqlabu. Na mbele ya herufi 15 zilizobaki hufichwa, ikabakia sauti yake puani. Hiyo ni ikhfai.

Sasa nisikilize vizuri. Kiswahili chetu nacho kina mambo hayo, wala hakuna aliyetufundisha. Uso mmoja, nyuso mbili: nuni imedhihirika. Ubao mmoja, mbao mbili: nuni imekutana na be ikageuka mimu, sawasawa na iqlabu. Ulimi mmoja, ndimi mbili: hapa jirani ndiye aliyebadilika kwa ajili yake. Ukuta mmoja, kuta mbili: nuni imejificha hata haisikiki, wala hatusemi "nkuta", lakini kila mtu anaelewa kwamba kuta ni nyingi.

Wazee wetu walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wengi wao hawakuiandika nuni wala mimu ikiwa mbele ya be, dali, jimu au ge. Ndugu iliandikwa "dugu", njia iliandikwa "jia", na Njoro ingeandikwa "Joro". Hawakuwa wajinga. Walijua kwamba msomaji wao ni Mswahili, naye atalijaza pengo kwa ulimi wake. Mwandishi alimwachia msomaji amana. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947) alikuwa miongoni mwa waliojitahidi kuitengeneza hati hiyo ili kila sauti ipate alama yake. Lakini karatasi nyingi zilizomo masandukuni mwetu ni za namna ile ya zamani.

Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu. Babu yetu alitoka Pangani akaja Moshi kwa kazi za reli, ile ya Tanga iliyofika hapa mwaka 1911. Alipofariki aliacha karatasi fupi ya hiba: kwamba binti yake, ambaye ni shangazi yangu, amempa "shaba langu", mbele ya mashahidi wawili. Kwa hati ile ya kale, shaba na shamba huandikwa namna moja. Miaka ikapita, shangazi akiangusha nazi za shamba la Pangani bila maneno. Mwaka 1987, mashahidi wote wawili wakiwa wamekwisha kufa, baadhi ya vijana wa ukoo waliitoa karatasi wakasema, "Shangazi alipewa shaba, yaani masinia na mdila wa kahawa. Shamba si lake, alikuwa mwangalizi tu."

Shangazi hakujua kusoma hati ile. Alichosema ni, "Baba alinipa shamba, na Mungu yupo." Maneno hayo humtoa mtu machozi, lakini hayamalizi daawa.

Alikuwako mtaani kwetu mzee mmoja wa Kipare, aliyesoma chuoni Tanga tangu utoto wake. Tukamwita, vijana wakamwamkia, "Shikamoo, Maalim," naye akaitikia, akavaa miwani na kuisoma karatasi mara tatu kimya. Kisha akauliza, "Wanangu, nyinyi kwenu husema shaba langu au shaba yangu?" Wakasema, "Shaba yangu, Maalim." Akasema, "Basi hapa pana lamu. Mzee wenu ameandika langu. Shaba haina langu, shamba ndilo lenye langu. Herufi iliyofichwa imeshuhudiwa na jirani yake." Mmoja akajibu kwamba wazee wa zamani hawakuwa na sarufi. Maalim akamwambia kwa upole, "Babu yako alikosa shule, hakukosa Kiswahili." Shauri likaishia hapo, na shamba likabaki kwa mwenyewe.

Ndugu zangu, mimi hapo nimeona mambo mawili. La kwanza, kitu kisichoandikwa si kitu kisichokuwapo. Haki nyingi duniani ziko kama nuni ile: hazionekani karatasini, zinakaa ndani ya ujuzi na uaminifu wa watu. Haki ya mama aliyelea, ya jirani aliyekopesha bila hati, ya binti aliyepewa kwa mdomo. Mwenye tamaa husoma kilichoandikwa tu, kwa kuwa kinamfaa. Mwaminifu husoma na kile kilichofichwa, hata kama kitamtoa yeye mkono mtupu. Na Mwenyezi Mungu hafichikiwi na herufi yoyote.

La pili, amana hii inataka wasomaji. Watoto wetu wa leo, bara na pwani, husoma Qur'ani kwa tajwidi nzuri, na husoma vitabu vya shule kwa herufi za Kizungu. Lakini mpe karatasi ya babu yake iliyoandikwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, ataigeuza juu chini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekusanya miswada ya hati hiyo, na ni kazi njema, ila karatasi ya nyumba yako hakitakuja kuitafuta uvunguni mwa kitanda chako.

Kwa hiyo fungueni masanduku. Wazee wanaojua kusoma wangali wapo, ingawa ni wachache. Waleteeni karatasi wakisome kila kilichomo, na mtu aandike kwa herufi za sasa, aweke tarehe, na watu wazima wawili washuhudie. Na katika kila chuo, mwalimu mwenye ujuzi awape watoto japo nusu saa kwa juma wasome Kiswahili kwa alifu na be. Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: na daftari bila msomaji ni kama halikuandikwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wasomaji waaminifu wa yaliyodhihiri na yaliyofichwa, na awarehemu wazee wetu waliotuamini wakatuachia nuni bila kuiandika. Amin.