Neno Lililopigwa Mstari

Apandaye kutoka Mombo kwenda Lushoto huiacha nyika yenye joto, na muda si mrefu huhisi baridi ya milima. Maneno nayo hubadilika njiani, ila hayo hayatambuliki upesi kama baridi.

Zamani za utawala wa Waingereza palikuwa na mwalimu mmoja, mtu wa pwani, aliyeletwa milimani kufundisha Kiswahili. Kishambaa hakukijua. Siku moja aliwaagiza wanafunzi waandike habari walizosimuliwa na babu zao. Kijana mmoja akaandika jinsi mfalme Kimweri ye Nyumbai alivyofariki mwaka 1862, na wana na wajukuu wake wakagombea enzi ya Vuga, hata watu wengi wakatekwa na kuuzwa. Mwishoni akaandika: "Wakubwa wale waliibana nchi."

Mwalimu akalipiga neno mstari mwekundu, akacheka mbele ya darasa. "Je, nchi hubanwa kwa koleo?" Hakuna aliyecheka pamoja naye. Kesho yake kijana hakuja, wala kesho kutwa.

Ndipo mwalimu akamwendea mzee mmoja wa kanisa. Mzee akamweleza kwamba Washambaa husema kubana shi, yaani kuiharibu nchi, na kuzifya shi, yaani kuiponya. Mtawala mmoja akishika nguvu zote, mvua hunyesha kwa wakati wake. Wawili wakishindana, mvua hupotea na njaa huingia. Kumbe kijana alikuwa ameandika msiba wa wazee wake kwa neno lao wenyewe.

Tena mzee akamtajia Karl Roehl, mmisionari Mjerumani, ambaye sarufi yake ya Kishambaa ilichapwa mwaka 1911. Huyo alikuwa na elimu nyingi, lakini Kishambaa alikipata kwa kuwauliza wenyeji. Mwalimu hakujibu. Kwa mtu mwenye cheti, maneno kama hayo ni mazito kuyameza.

Asubuhi akapita katika migomba mpaka nyumbani kwa kijana, akapiga hodi. Habari ya shule hakuianza. Aliomba kwanza afundishwe maamkio ya Kishambaa. Akayatamka vibaya, wadogo zake kijana wakaangua kicheko, naye akawaacha wacheke. Kisha akalitoa daftari, na juu ya mstari ule mwekundu akaliandika tena neno lile lile.

Kijana akalisoma, akaingia ndani kuvaa shati lake la shule.