SEHEMU YA 6: Tumbo Lililokataa Dawa ya Minyoo

Niliposema leo tunaongelea kansa ya kongosho, wengi mliniuliza, "Sista, hiyo si ya wazee?" Ni kweli, karibu zote huwapata watu wazima. Ila ipo moja ya watoto wadogo, adimu sana na kali, inaitwa pankriatoblastoma. Miaka yote niliyokaa wodini nimeuguza mtoto mmoja tu mwenye nayo.

Alikuwa na miaka 4. Mama yake alilishika bonge akimwogesha, juu ya kitovu, gumu, wala mtoto halii ukiligusa. Duka la dawa wakampa dawa ya minyoo, mara mbili. Jirani akasema ni bandama. Alipofika kwetu akaniambia, "Sista, huyu namwogesha mimi kila siku. Hili tumbo silo."

Ultrasaundi ilionyesha uvimbe, lakini tumbo la mtoto ni dogo, ini, figo na kongosho vimebanana, huwezi kujua umeanzia wapi. Ikabidi CT scan. Kuna kipimo cha damu pia, AFP, ambacho uvimbe huu mara nyingi hukipandisha. Shida ni kwamba hata kansa ya ini hukipandisha. Kwa hiyo jibu likaja baada ya kutoa kinyama kidogo na kukiangalia kwa hadubini.

Tiba yake kubwa ni kuukata wote. Wa kwake ulikuwa mkubwa, akaanzishiwa dripu za sisplatini na doksorubisini ili usinyae kwanza. Alitapika, nywele zikaisha, mama akawa analala kwenye kiti. Uvimbe ukasinyaa, akafanyiwa upasuaji. Hadi leo anarudi kliniki kupimwa AFP, na kila siku ya majibu mama yake hali chakula mpaka aitwe.

Sasa msiogope kila tumbo. Bonge kwa mtoto mara nyingi ni kitu kingine. Hata kansa ya figo inapatikana zaidi kuliko hii, na ikiwahiwa inatibika vizuri. Ninachowaomba: ukimwogesha, pitisha mkono wenye sabuni tumboni. Ukikuta bonge, usilibonyeze-bonyeze wala usiite watu walishike, linaweza kupasuka. Mpeleke hospitali, uulize ultrasaundi. Vivyo hivyo akikonda bila sababu, macho yakiwa ya njano, au tumbo likiuma wiki hadi wiki.

Wewe ndiye unayelijua tumbo la mwanao. Liseme kwa sauti, hata mbele ya daktari.

Maswali weka hapo chini, nikitoka zamu nitajibu.