Kutoka Tunduru Hadi Oysterbay

Ndugu wasomaji, mkijaliwa kufika Dar es Salaam, msiridhike na kuiona bandari na Kanisa la Mtakatifu Yosefu tu. Pandeni basi liendalo Oysterbay, mshuke barabara ya Haile Selassie, mahali paitwapo Morogoro Stores. Hapo mtaona picha zimetundikwa kila upande: chui wenye madoa, ndege wenye shingo ndefu, samaki na tembo, zote kwa rangi za kung'aa. Mwaweza kuwaona na wachoraji wenyewe, wameinama, brashi mkononi.

Aliyeanzisha uchoraji huu ni Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini, kwa wazazi wakulima. Shule aliionja kidogo tu. Alipokua alikwenda Tanga kufanya kazi ya mkonge, kama vijana wengi wa siku zile. Ninyi ambao babu zenu walikwenda manamba mmesimuliwa: miiba, jua kali, na mshahara mdogo. Kisha akaja Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumba na bustani kwa Mzungu mmoja wa serikali. Kazi hiyo nayo ikaisha. Basi akahangaika: mara achuuze matunda na mboga, mara apige muziki, mara ashike kibarua.

Mwaka 1968 ndipo alipoanza kuchora, naye amekwisha kuwa mtu mzima wa miaka 36 hivi. Rangi za wachoraji hakuwa nazo. Alitumia mbao nyembamba za dari na rangi ya kupakia baiskeli. Picha zikauzwa nje ya maduka hayo hayo, na wapita njia wakazipenda. Hakuuficha ujuzi wake. Aliwafundisha jamaa na marafiki, January Linda akiwa mmoja wao.

Alichora miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Wanafunzi wake waliendelea, na leo uchoraji huo unaitwa kwa jina lake, Tingatinga.

Enyi wazazi, yumkini yuko kijana wenu aliyerudi kutoka mjini mikono mitupu, na majirani wanamcheka. Nani angalimsifu Edward mwaka 1967? Msimfungie mtoto mlango kwa sababu kazi tatu zimemshinda. Mpeni jembe, mpeni na sala. Saa yake aijuaye ni Mungu.