Ni Gari au Ni Wewe?

Ukitaka kuwagombanisha watu kumi wanaopendana, wape magari kumi tofauti na saa moja. Hilo nalisema kwa ushahidi. Kwa karibu miaka minne nimekuwa mshika saa wa kikundi cha marafiki wanaokodi shamba tupu nje kidogo ya Nairobi, Jumapili moja kila mwezi, ili waendeshe magari yao vumbini. Hatuna mdhamini wala kombe. Tuna koni, helmeti, daftari la kurasa 200, na mama mmoja anayetuletea chapati na ndengu ikifika saa saba mchana.

Mchezo wenyewe ni autokrosi. Njia inapangwa uwanjani, kona nyingi na nafasi chache za kukanyaga mafuta. Gari linaingia, linazunguka, linatoka, na mpinzani wako ni saa. Ukiwahi kufika Jamhuri hapa Nairobi siku ya mashindano ya kitaifa, unaijua sura yake: vumbi, bagi zinazoruka, watoto wakiendesha vigari vyao katika madaraja yao, na wazazi wanaopiga kelele kuliko injini. Wamarekani hucheza kwenye lami, mara nyingi katika viwanja vikubwa vya kuegeshea magari, na dereva akigonga koni anaongezewa sekunde 2. Sheria hiyo tuliichukua kama ilivyo, bila haya.

Sasa watazame watu wetu. Kuna mwalimu wa shule ya msingi, sote tunamwita Madam, mwenye Toyota Starlet iliyowazidi umri wanafunzi wake wote. Kuna muuza vipuri mwenye Nissan B12 ambayo ukifungua boneti unaona vipande vya magari mengine matano. Na kuna daktari wa meno mwenye Subaru Impreza, turbo, inayovuta kwa magurudumu yote manne.

Aliyewahi kuendesha kwenye vumbi anajua kinachofuata. Starlet ikitoka kwenye kona, magurudumu ya mbele yanafanya kazi mbili kwa pamoja: yanageuza gari na kulivuta. Yakizidiwa, yanachimba mchanga tu. Subaru imegawa mzigo huo kwa miguu minne, na turbo inaisukuma kutoka nyuma ya kichwa cha dereva kama mtu aliyechelewa harusi. Mwezi baada ya mwezi, daftari langu lilikuwa na jina moja juu. Mwanzoni tulikuwa watu kumi na wanne. Baada ya mwaka na nusu tukabaki sita. Hakuna aliyelalamika. Huyu ana harusi ya binamu, yule gari lake liko gereji, mwingine hapokei simu. Wakenya hatuagi, tunapotea tu.

Aliyelitamka jambo hilo si Madam wala muuza vipuri. Ni Daktari. Tulikuwa tunakula, akaweka sahani chini.

“Mnajua hakuna mtu hata mmoja amewahi kuniambia naendesha vizuri? Nikishinda, nyote mnaangalia boneti.”

Kimya. Kisha Madam akacheka, cheko la mtu aliyeguswa mahali panapouma.

“Na mimi je, Daktari? Nikishindwa mnanipa pole kwa sababu ya gari. Hata kosa langu la kona mmeninyang’anya.”

Sentensi hizo mbili zimenikaa kichwani kuliko muda wowote nilioandika daftarini. Tumezoea kudhani kwamba dhuluma ya mashindano humwumiza aliye chini peke yake. Kumbe aliye juu naye anaibiwa. Ushindi wake unakwenda kwa kiwanda kilichounda gari, na kushindwa kwa mwenzake kunakwenda kwa umaskini. Dereva hayumo, si kwa huyu wala kwa yule. Na pale dereva anapokosekana, raha nayo inakauka, kwa sababu raha ya mchezo ni kutaka kujua jibu la swali dogo sana: ni gari, au ni wewe?

Swali hilo si geni kwetu. Mwaka wa 1953 yalipoanzishwa mashindano ya Coronation Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika na baadaye yakawa Safari Rally, waandalizi waliyagawa magari kwa bei yake dukani. Si kwa ukubwa wa injini, kwa bei. Na hapakutangazwa mshindi mmoja wa jumla. Nalipenda wazo hilo: shindana na wa mfuko wako. Lakini bei inasema gari liligharimu ngapi siku lilipotoka dukani, haisemi lolote kuhusu yaliyofanyika gerejini usiku. Wala haisemi nani ameshika usukani. Mwaka wa 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Ukiiangalia bei peke yake, hutawaona.

Njia ya pili ndiyo ya kawaida siku hizi, madaraja: magurudumu mawili yanayovuta huku, manne kule, turbo hapa, wasio na turbo pale. Ni njia safi na uwanja ukijaa watu inafanya kazi. Sisi tulikuwa sita. Tulipoyagawa magari, Daktari alibaki peke yake katika daraja lake. Akawa wa kwanza na wa mwisho siku hiyo hiyo. Alinitazama nikimwandika, akauliza kama anastahili makofi. Tulimpigia, kwa heshima, kama unavyompigia bwana harusi aliyekuja bila bibi.

Njia ya tatu ni ya hesabu, nayo Wamarekani wanaipenda. Kila aina ya gari inapewa namba, na muda wako unazidishwa kwa namba hiyo. Tuseme Subaru ina 1.00 na Starlet ina 0.90. Daktari akizunguka kwa sekunde 64, anabaki na 64. Madam akitumia sekunde 70, anaandikiwa 63. Madam ameshinda! Namba hizo hazitolewi hewani, hurekebishwa kutokana na matokeo ya mashindano mengi. Ila sisi hatukuwa na matokeo mengi, tulikuwa na daftari moja na mabishano. Isitoshe, namba haijui mvua. Shamba likilowa, Starlet inateleza kama sabuni, Subaru inashika, na ile 0.90 ya asubuhi kavu inakuwa ya uongo kufikia mchana. Zaidi ya yote, Madam hakuufurahia ushindi wa kikokotoo. Alisema ni kama kuambiwa ulipita mtihani baada ya mwalimu mkuu kukuhurumia.

Wapenzi wa ushairi watanielewa hapa. Malenga wanapojibizana, anayejibu hufuata desturi ya kushika vina vya mwenzake na mizani zake. Huyu ana shahada tatu, yule anauza samaki, lakini mizani nane ni nane kwa wote wawili. Hakuna anayeongezewa mbili kwa kuwa hana maktaba nyumbani, na hakuna anayepunguziwa kwa kuwa anayo. Sheria haiwafanyi wawe sawa. Inawaweka mahali ambapo tunaweza kusikia nani kasema vizuri. Si ajabu kwamba lugha yetu inatumia neno hilo hilo, mizani, kwa ubeti na kwa kupima sukari dukani.

Basi, tukatafuta mizani yetu. Wazo lilitoka kwa muuza vipuri: nusu ya siku kila mtu aendeshe lake, nusu ya pili tubadilishane. Wote waendeshe Starlet, kisha wote waendeshe Subaru. Inasikika rahisi mpaka umwambie mtu akupe ufunguo wa gari analolilipia mkopo. Tulijadiliana wiki tatu. Tukakubaliana kwamba atakayeharibu atatengeneza, kwamba gari la mtu linapewa mizunguko miwili tu kwa kila dereva, na kwamba mwenye gari anakaa kiti cha abiria akitaka, mradi avae helmeti na anyamaze. Kipengele hicho cha mwisho hakuna anayekitii.

Siku ya kwanza ya kubadilishana, Daktari alishika nafasi ya tatu kwa Starlet. Muuza vipuri alimshinda kwa sekunde 2 na kitu. Nikadhani atanuna. Alishuka akitabasamu kama mtoto, akaanza kumhoji muuza vipuri: unaachia breki wapi, unageuza lini, mbona gari halikuvuti nje? Kisha wa tano akaja akamwuliza yeye maswali hayo hayo. Hapo ndipo mtu alipomwambia, mara ya kwanza nikiwa nasikia, “Daktari, ile kona ya mwisho uliichukua vizuri sana.”

Sitakudanganya kwamba tumeumaliza ubishi. Bado kuna anayesema gari lake analijua yeye tu, na kwamba kumpa Starlet ni kumfunga mkono. Ni kweli pia, kulijua gari lako ni sehemu ya ufundi. Ndiyo maana daftari sasa lina safu mbili, moja ya gari lako na moja ya gari la mwenzako, na hatuzijumlishi.

Madam alipopewa Subaru, mzunguko wa kwanza aliendesha kama anayebeba mayai. Wa pili alikanyaga. Nikamsomea muda: alikuwa nyuma ya Daktari kwa sekunde moja kamili. Tukaanza, kwa mazoea, kumpa pole. Akainua mkono kutunyamazisha.

“Niachieni,” alisema. “Niliipoteza pale kwenye mwembe, niliogopa. Hiyo sekunde ni yangu.”

Kisha akauliza kama mwezi ujao tutaanza mapema zaidi.